Siku Niliyosema Khalfan ni Mpole

Kanda ya video ikikwama ndani ya mashine, usiivute. Hilo ndilo la kwanza. Zima umeme, fungua kifuniko, utoe ule utepe taratibu kwa kidole kikavu, kisha uurudishe ndani kwa kuzungusha kigurudumu cha chini kwa ncha ya kalamu. Najua hamna tena mashine hizo majumbani mwenu. Lakini mimi kanda hizo zimenilisha karibu miaka ishirini hapa Ibra, Oman, nyuma ya soko, na mtu aliyestaafu akianza kusimulia kazi yake, mwacheni aanze na chombo chake.

Wateja wangu waliniita Ammi Masoud. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu: Kihindi, kupigana, na Kimisri. Wengi waliokuja walikuwa watu wetu, waliozaliwa Unguja au bara wakarudi huku, au watoto wao waliozaliwa hapa hapa, wanaoanza maneno kwa Kiswahili wakayamaliza kwa Kiarabu. Niliwafundisha wote mambo mawili. Usiache kanda garini juani, itajikunja kama chapati. Na ukitoka Bidiya, ifunge ndani ya mfuko, maana mchanga wa jangwa la kule huingia hata pasipo na tundu. Hawakunisikiliza hata siku moja, na nusu ya kazi yangu ikawa kupangusa mchanga wa Bidiya kwa pamba na spiriti.

Jambo la tatu nilijifundisha mwenyewe: anachokodi mtu ni siri yake. Mji wetu mdogo, kila mtu ni binamu wa mtu. Palikuwa na bwana mmoja mwenye cheo na ndita za kutisha, akija kila Alkhamisi kuchukua filamu za kuimba na kucheza mvuani. Kama ningefungua mdomo, asingeweza tena kumkemea mtu ofisini kwake. Mimi nilinyamaza, naye akanisalimia kwa heshima mpaka alipohamia Maskati. Nilijivunia sana kunyamaza kwangu, na ndiko kulikokuja kuniponza.

Basi nikuambieni habari za Bi Zuwena, kwa sababu bila yeye nisingejua lolote katika kazi hii. Alikuwa bibi wa mji jirani wa Al Qabil, amelelewa Mjini Unguja, na katika usichana wake hakuwahi kukosa onyesho la sinema la wanawake. Alikuja dukani kwangu Jumatano. Mnajua Jumatano Ibra ni soko la wanawake, hapiti mwanamume. Nami siku hiyo nilitundika pazia mlangoni, mke wangu akashika duka ndani, mimi nikakaa nje kizingitini na kahawa yangu.

"Masoud mwanangu," akaniambia nyuma ya pazia baada ya kuzipitia rafu zote, "hapa pana watu wanaopigana na watu wanaolia. Wale wanaogombana kwa raha wako wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Alikuwa akizitaka zile filamu za zamani, nyeusi na nyeupe, za kuchekesha, ambamo mwanamume na mwanamke wanasema haraka kuliko mvua ya mawe. Mwanamke ana ulimi. Mwanamume ana kisirani, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, anafoka tangu majina ya mwanzo wa filamu mpaka ya mwisho. Na huyo mwenye kisirani ndiye mpenzi mwenyewe. Niliagiza kanda kumi Dubai kwa kumridhisha bibi tu, nikidhani zitaota kuvu rafuni. Mwaka haukwisha, zikawa zinangojewa kwa zamu.

Katika hizo ilikuwapo moja ya daktari wa farasi. Huyo daktari anasafiri na bibie mmoja wa kitajiri, njia nzima anamkemea: umechelewa, umesahau, umekaa vibaya. Mashine ya mteja mmoja ikaitafuna kanda ile karibu na mwisho. Nikafanya nilivyozoea, nikakata kipande kilichoharibika, nikaunga, nikairudisha rafuni. Hakikuzidi nusu dakika. Tangu siku ile kila aliyeichukua aliirudisha amekasirika. "Mtu gani huyu? Na huyo mwanamke akamkubali vipi, hana akili?" Miezi sita sikujua kuna nini, mpaka Bi Zuwena alipoichukua.

"Masoud, umeifanya nini kanda hii? Mbona hakumfunika koti?"

Kumbe katika kile kipande, bibie amesinzia kwenye benchi la stesheni. Daktari anavua koti lake, anamfunika, anageuka huku na huku kutazama kama kuna aliyemwona, kisha anakaa mbali na kuikunja tena ile ndita. Basi. Hasemi neno. Nami nilikuwa nimekitupa katika pipa la taka.

"Umemtoa moyo wake," Bi Zuwena akaniambia. "Watu wa namna hii hawasikilizwi, wanatazamwa. Na usije ukadhani kila mkali ndani yake laini. Wako wakali nje na ndani. Mtazame anamfokea nani. Akimfokea anayeweza kumjibu, kwa huyo pana matumaini. Akimfokea asiyeweza kumjibu, mkimbie, hata akiwa na makoti saba."

Mabinti mnaonisoma, hilo andikeni pahala. Mimi nikaagiza nakala nyingine nzima ya yule daktari wa farasi, na ikawa ndiyo moja tu yenye koti katika mkoa wote wa Sharqiyah.

Sasa Khalfan. Khalfan alizaliwa Tabora, akaja Oman kijana, akafungua gereji Bidiya kando ya barabara kuu. Akitengeneza gari za kupandia mchanga, zile zinazopeleka wageni kwenye kambi za Al Mintirib. Mtu mrefu, mabega kama mlango, na sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuja dukani mara ya kwanza akasimama mbele ya rafu ya filamu za Bi Zuwena kana kwamba zimemkosea.

"Mzee, hizi ndizo za kuchekesha?"

"Ndizo."

"Upuuzi mtupu. Nipe mbili."

Alipozirudisha akasema amepoteza wakati wake, hajaona ujinga kama huo, mtu mzima anafukuzana na mwanamke kwa ajili ya kofia. Akachukua tatu. Na hakuwahi kuzirudisha mwanzo, zote zilikuja zimeishia mwisho, kazi ya kuzizungusha ikawa yangu. "Na mzee," aliniambia akiwa mlangoni, "ukimwambia mtu kwamba mimi nachukua hizi, mimi na wewe tumekosana. Niko siriasi."

Akaja Jumatano moja wakati shule zimefungwa, joto la kuivisha tende. Mimi niko kizingitini, pazia limeshuka.

"Mzee, yule daktari wa farasi yupo?"

"Yupo, lakini leo Jumatano."

"Jumatano imefanya nini?"

Kabla sijajibu, sauti ya msichana ikatoka ndani. "Hii mtu anataka nini? Jumatano yetu sisi. Na kanda ile mimi nimeshachukua. Khalas."

Nikaijua sauti. Ni Rahma, mjukuu wa Bi Zuwena, mwalimu wa watoto wadogo kule kwao Al Qabil, kazaliwa hapa hapa. Khalfan alipogundua kwamba anasema na mwanamke, aligeuka haraka akalipa pazia mgongo, kama adabu inavyotaka, akaanza kusema na barabara.

"Mwambie huyo dada mimi niliiagizia wiki iliyopita."

"Mwambie hii mtu kuagizia si kuchukua."

"Mwambie nimeendesha gari kutoka Bidiya."

"Mwambie mimi nimetoka Qabil na bibi yangu mzee. Yeye mzee?"

"Mwambie sibishani na watoto."

"Mwambie mimi abla. Nina watoto thalathini darasani, wallahi hata mmoja hana kelele kama yeye."

Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote neno lolote. Nilikuwa nimeshika kikombe tu. Nikamsikia Bi Zuwena ndani anacheka kwa puani. Halafu Khalfan akashusha sauti, jambo ambalo sikulijua kama analiweza. "Basi mzee. Ilikuwa ya mgonjwa. Mwache aichukue." Akaenda zake kwenye gari.

Pazia likatikisika. Mkono ukatoka na kanda. "Ammi Masoud, mkimbilie. Bibi amesema atangoja. Na mwambie nimempa mgonjwa, sijampa yeye."

Nikakimbia na umri wangu. Siku ya tatu kanda ikarudi, imefungwa kwa mfuko, haina chembe ya mchanga, na imezungushwa mpaka mwanzo. "Mwambie yule mwenye ulimi kwamba mgonjwa anashukuru," akasema Khalfan. "Mimi sishukuru." Nikayafikisha kama yalivyo. Jumatano iliyofuata nikapewa jibu: "Mwambie sijamuuliza." Hivyo ndivyo walivyokwenda kiangazi kile na baridi nzima, mimi katikati, kanda zikienda na kurudi. Filamu hii mbovu, mwambie. Yeye ndiye mbovu, mwambie. Nilichoka, lakini nikikosa ujumbe siku mbili nilikuwa nauulizia mwenyewe.

Mgonjwa nilikuja kumjua kwa ajili ya mkanda wa feni. Wa gari langu ulikatikia Bidiya baada ya alasiri, gereji imefungwa, nikazunguka nyuma iliko nyumba yake. Nikasikia sauti mbili dirishani. Moja nene, moja nyembamba ya kike, zinagombana kwa Kiswahili. Nikasita, nikidhani nimeangukia mambo ya watu. Kisha nikasikia kikongwe akisema, "Mwanangu, huyo bibie jana ulimpa sauti nyingine."

"Samahani mama," ikajibu sauti nene. "Narudia."

Mama yake haoni. Macho yalikwisha miaka mingi. Khalfan alikuwa akimwekea filamu, akakaa sakafuni mbele ya televisheni, akamgeuzia kila neno kwa Kiswahili, la mwanamume kwa sauti yake na la mwanamke kwa ile nyembamba, na madoa ya grisi mkononi. Bi kizee akicheka, yeye anasimamisha kanda, anangoja amalize kucheka, anaendelea. Nilisimama pale dirishani nikashindwa kubisha hodi. Nililia, sina haja ya kuficha.

Akaniona. Uso ukamwiva. "Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Apa."

Nikaapa sitamwambia mtu. Akanitilia mkanda mpya wa feni huku akinitukania gari kwamba nalitunza kama punda wa kukodi.

Mwisho wa baridi Khalfan akapeleka posa kwa baba yake Rahma, Mzee Abdalla, mwana wa Bi Zuwena. Wazee wa Khalfan wakaenda Al Qabil, wakapokewa vizuri, wakaambiwa wawape wenyeji muda waulizie. Nyinyi vijana mnajua inavyokwenda: baba wa msichana huzunguka kwa wanaomjua mposaji, mmoja mmoja, na anachoambiwa pale ni amana mbele ya Mungu. Mzee Abdalla akaanza na mimi.

Alikaa, akanywa kahawa, akaniuliza bila ya kuzunguka. "Masoud, wewe unamjua Khalfan. Nina binti mmoja. Ana tabia gani?"

Mbele yangu zilikuwapo njia mbili. Nusu ya kweli ilikuwa kwamba anafoka. Kweli nzima ilikuwa kwamba anafoka, na ana mama, na ana zile sauti mbili. Lakini hiyo ya pili ilikuwa ndani ya siri ya duka na ndani ya kiapo. Nikaona nikisema nusu nitamharibia, na nzima siruhusiwi. Basi nikachukua njia ya tatu, ile tunayoichukua sote tukiulizwa habari za mposaji, nikamsifu.

"Khalfan? Mtu mpole. Hapandishi sauti. Hata kuku hawezi kumfukuza."

Mzee Abdalla akanishukuru. Siku ya pili yake akaondoka na gari lake mpaka Bidiya kumtazama huyo mpole kwa macho yake, bila ya kujitambulisha. Akamkuta katikati ya uwanja wa gereji akimfokea dereva mmoja mpaka wapita njia wamesimama. Dereva yule alikuwa amepeleka familia ya wageni mchangani bila ya kupunguza upepo wa matairi, gari likapinduka, ikawa salama kwa rehema tu. "Ulikuwa na watoto mle ndani!" Khalfan alikuwa anapiga kelele. "Watoto! Funguo lete hapa!" Mzee Abdalla hakushuka garini.

Posa ikarudishwa, kwa maneno ya heshima, kwamba nasibu haikujaaliwa. Mzee Abdalla akapita dukani kwangu, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Marehemu baba yangu alikuwa akifoka kuliko yule," akaniambia. "Si kelele zilizonirudisha. Nilikuuliza kwa amana, ukanificha kimoja. Nitajuaje vingapi vingine vimefichwa? Mwanangu hawezi kuingia nyumba ambayo mlango wake ni uongo." Akaniambia pia kwamba Rahma alipopewa habari alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Khalfan alikuja Alkhamisi kurudisha kanda. Aliiweka mezani, akasema "ahsante, Ammi," akageuka kuondoka. Hakuitukana filamu. Hakulitukana duka. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, na sijapata kuona haya kama siku ile.

"Khalfan," nikamwita. "Mimi ndiye niliyekuharibia. Niliulizwa, nikasema wewe mpole."

Akageuka polepole. "Ulisema nini?"

"Kwamba hupandishi sauti."

Wanangu, alipandisha. "MIMI? Nani amekutuma? Mimi mpole? Mtu amekuja kuniulizia, wewe umempa habari za mtu mwingine! Sasa yule mzee anadhani mimi ndiye niliyekupanga!" Akazima taa zangu mwenyewe, akafunga mlango wangu mwenyewe. "Ingia garini."

Tulikwenda Al Qabil baada ya alasiri. Mzee Abdalla alitupokea majlisini, chumba cha wageni, akatuletea tende na kahawa kama mila, lakini uso wake haukufunguka. Mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake nikasikia bangili. Khalfan hakugusa kikombe.

"Mzee, mimi nimekuja kusema jambo moja, halafu naondoka. Uliambiwa uongo. Mimi sikuutuma, lakini umesemwa kwa jina langu, basi ni wangu. Mimi nafoka. Nilifoka jana, leo nimemfokea huyu, na kesho nitafoka. Usije ukaniweka moyoni kwamba nilijivika ngozi ya mtu mwingine ili nimpate binti yako. Hilo tu."

Alikuwa anainuka. Nikamshika kanzu.

"Mzee Abdalla," nikasema, "uliniuliza swali, sijakujibu bado." Nikamweleza yote. Mama asiyeona, televisheni, sakafu, sauti nene na sauti nyembamba, kanda inavyosimamishwa mpaka kikongwe amalize kucheka. Nikavunja kiapo na siri ya duka kwa pamoja. Kafara ya kiapo niliitoa wiki ile ile, nikalisha maskini. Siri ya duka haina kafara.

"Hayo hujaulizwa!" Khalfan akaninguruma, masikio yamemwiva. "Mzee, asikuzuge, sauti ile siiwezi hata kuiga vizuri—"

"Sauti ipi?" Bi Zuwena akauliza nyuma ya mlango. "Ya yule bibie wa daktari wa farasi?"

Khalfan akageuka haraka, akaupa mlango mgongo. Mzee Abdalla alimtazama kijana huyu mkubwa aliyesimama anasema na ukuta, na kwa mara ya kwanza nikaona ndevu zake zinatikisika kwa kicheko. "Khalfan," akasema, "hii posa sasa unaiondoa au unaileta?"

"Sijui, mzee." Sauti ilikuwa ndogo. "Muulize binti mwenyewe."

Nikasikia maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakipita nje. Halafu Rahma akasema, taratibu, kama anasomesha herufi. "Baba, mwambie nimekubali. Na mwambie huyo mgonjwa nitamgeuzia mimi maneno ya bibie. Hii mtu anaharibu."

Mzee Abdalla akamwambia, ingawa alikuwa amesikia. Khalfan akaitikia kwa kichwa, akakaa, akala tende tatu bila ya kutema kokwa.

Tulirudi jua linateremka. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa, baridi ya gari imewashwa mpaka mwisho. Karibu na kuingia Ibra nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kilemba, mara moja, halafu mara ya pili.

"Vumbi," akasema, kwa ukali.

"Naam," nikamjibu. "Mwaka huu vumbi ni jingi."

Uongo ule wa kwanza nimeutubia. Huu sijautubia mpaka leo.